UZI: Antibiotiki zimegoma bwawani. Tukimrudishia samaki kile alichopungukiwa mwilini, kinga yake inaweza kuua bakteria sugu?

Kambale Mkongwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, naomba mnisome taratibu, na wenye utaalamu mnirekebishe nitakapoteleza.

Nianze na samaki mmoja. Nilimkuta asubuhi pembezoni mwa bwawa, perege wa ukubwa wa kiganja, anazunguka kama pia. Nikimshika anatulia, nikimwachia anaanza tena. Jicho la kushoto limetoka nje na lina ukungu mweupe. Nilipompasua, tumboni mlikuwa na maji, bandama imevimba na kuiva wekundu wa kukaribia weusi, utumbo mtupu kabisa. Siku kadhaa alikuwa hajatia kitu mdomoni. Aliyefuga perege anaujua mzunguko huo: ni bakteria aitwaye Streptococcus, na kufikia hapo ameshaingia kwenye ubongo.

Mlipuko wa kwanza nilichanganya oksitetrasaiklini, antibiotiki ya jamii ya tetrasaiklini, kwenye chakula, vifo vikakoma. Wa pili, vikapungua tu. Wa tatu ni kama nilikuwa nawalisha pumba. Nikapeleka sampuli maabara, wakanionyesha sahani ya kuotesha: vidonge vinne vya karatasi vyenye dawa, na bakteria wameota mpaka wameparamia kingo za vitatu. Kidonge kimoja tu ndicho kilichokuwa na duara safi. Nilikitazama kile kiduara nikajiuliza kitadumu misimu mingapi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma usiku. Kilichonishika ni kwamba kuna watafiti walioacha kuuliza "dawa gani itamuua bakteria huyu?" wakauliza "samaki aliyepona ana nini mwilini ambacho aliyekufa hana?"

Tuelewane maneno kwanza. Metaboliti ni vile vitu vidogo vidogo vinavyopatikana mwili unapovunja chakula na kujijenga: sukari, amino asidi, asidi za mafuta na jamaa zao. Protini unayomlisha samaki haiendi kwenye msuli kama ilivyo. Inakatwakatwa kuwa amino asidi. Nyingine zinajenga, nyingine zinachomwa kupata nguvu, nyingine zinageuzwa kitu kingine kabisa. Leo ukichukua damu kidogo au kipande cha ini, kuna mashine zinazopima uzito wa molekuli na kukuonyesha vitu hivyo kwa makumi na mamia, kipi kimepanda na kipi kimeshuka.

Kundi la Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, Guangzhou, China, limelifanyia kazi hili kwa miaka mingi. Samaki wanaambukizwa, wengine kwa kipimo cha kuua, wengine kwa kipimo wanachokihimili, kisha miili yao inalinganishwa. Kile kinachokuwa kingi kwa wanaohimili na haba kwa wanaokufa kinatiliwa mashaka kuwa ndicho kinachobeba kinga. Halafu wanakirudisha kwa samaki wengine waone kama watapona zaidi. Mwaka 2014 walionyesha kwamba N-asetiliglukosamini, aina ya sukari, iliongeza uhai wa perege walioambukizwa Streptococcus iniae. Mwaka 2015 ikafuata amino asidi iitwayo prolini, kwa perege wenye Streptococcus agalactiae kwenye maji ya joto. Hiyo ya joto ilinigusa, maana sote tunajua maji yakipata moto ndipo ugonjwa huu unapopamba. Nilikuwa nadhani joto linampa nguvu bakteria tu. Kumbe linambadilisha na samaki kwa ndani.

Kwa nini hili lina maana kwa bakteria sugu? Antibiotiki ina shabaha moja au mbili ndani ya bakteria. Akiibadilisha ile shabaha, au akajenga pampu ya kuitapika dawa, umekwisha. Seli mlaji za samaki, makrofaji, hazipigani hivyo. Zinammeza mzimamzima, zinamfungia ndani ya kifuko, zinammiminia tindikali, nitriki oksaidi, oksijeni kali na vimeng'enya kwa wakati mmoja. Pampu ya kutapika tetrasaiklini haimsaidii chochote humo.

Karibuni tujadili.

---

Mama Vifaranga

Asante sana kaka Kambale, pole kwa hasara. Hilo la kuzunguka kama pia nimeliona kwa macho yangu, na linaumiza kuliko kumkuta samaki ameshakufa.

Kuna jambo umenikumbusha. Nilipoanza kutotolesha, nilipata vifaranga waliopinda mgongo kama herufi S. Nikafikiri ni mbegu mbaya. Mzee mmoja akaja akanusa chakula changu akauliza, "Hiki kina muda gani stoo?" Kumbe samaki wengi hawawezi kujitengenezea vitamini C kama wafanyavyo mbuzi au ng'ombe, lazima waipate kwenye chakula, na chakula kikikaa sana joto linaiua. Nilibadilisha chakula, kundi lililofuata likatoka limenyooka. Kwa hiyo habari ya kitu kidogo kukosekana na mwili mzima kuyumba naielewa vizuri.

Sasa swali langu la kimama: hiyo prolini nikiipata, naimwaga bwawani?

---

Kambale Mkongwe

Mama, usimwage. Nakuomba, na yeyote anayesoma hapa asimwage.

Amino asidi na sukari zikiingia majini, wa kwanza kuzila ni bakteria wa majini wenyewe. Wataongezeka, watavuta oksijeni, na alfajiri utakuta samaki wako wote juu wanatafuta hewa. Utakuwa umeua kwa kitu ulichokinunua ili kuponya.

Na kuna ukweli mwingine ambao wanaoshangilia hizi tafiti huwa wanaupitia haraka: sehemu kubwa ya majaribio haya samaki walidungwa sindano tumboni, mmoja mmoja. Hakuna mfugaji atakayedunga sindano bwawa zima kila siku. Njia inayobaki ni chakula, na samaki mgonjwa hagusi chakula. Nimewaambia yule wangu utumbo ulikuwa mtupu. Hata ile oksitetrasaiklini niliyochanganya, ninaamini waliokula wengi ni wale waliokuwa bado wazima.

Ndiyo maana kwangu mimi metaboliti si tiba ya kukimbilia samaki wakishaanza kuzunguka. Kama ina kazi, kazi yake ni wiki kadhaa kabla, wakati wote bado wanagombea chakula.

---

Tabibu wa Matamvua

Naomba niingie. Mimi ni daktari wa mifugo, nimejikita kwenye samaki. Mwanzisha uzi ameeleza vizuri, nitaongeza mambo mawili kuhusu mwili wa samaki.

Samaki hana uboho wa kutengeneza seli za damu ndani ya mfupa kama sisi, wala hana matezi ya limfu. Kazi hiyo inafanyika hasa kwenye figo ya mbele, ile iliyo nyuma ya kichwa, pamoja na bandama. Ndiyo maana bandama ya samaki wako ilivimba: huko ndiko vita ilikopiganwa. Anazo kingamwili, ikiwamo aina iitwayo IgT inayolinda utumbo, ngozi na matamvua. Ila ni kiumbe ambaye joto lake linafuata maji, na kinga yake ya kujifunza huchukua muda kuamka. Siku za mwanzo za maambukizi anategemea ute, lisozaimu (kimeng'enya cha kupasua bakteria) na hizo seli mlaji. Ukiziimarisha seli mlaji umeshika mahali penyewe.

La pili ndilo linalonisisimua mimi. Tulifundishwa kwamba chakula ni nguvu na kinga ni askari, vitu viwili tofauti. Siku hizi tunajua seli ya kinga ikishaamka inabadilisha jinsi inavyochoma chakula, na vitu vinavyozalishwa njiani ni silaha au ni amri. Mfano ni itakoneti. Makrofaji inapogundua bakteria, inachepusha kitu kutoka kwenye mzunguko wake wa nishati na kukigeuza itakoneti. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwamba itakoneti inaziba kimeng'enya kimoja ambacho bakteria kadhaa wanakihitaji ili waishi pale chakula kinapokuwa haba, na humo ndani ya makrofaji chakula ni haba kweli. Mwaka huohuo, kazi iliyofanywa kwa samaki pundamilia, wale wadogo wa maabara, ilionyesha kwamba jeni ya kutengeneza itakoneti inahusika na uwezo wa makrofaji zao kuua bakteria. Kwa hiyo si jambo la panya na binadamu peke yao.

Mfano mwingine ni valini, amino asidi ya kawaida kabisa. Mwaka 2017 kundi hilohilo la Guangzhou lilionyesha kwamba valini ikiongezwa, makrofaji humeza na kuua zaidi bakteria sugu kwa dawa nyingi, na nitriki oksaidi inahusika. Malighafi ya nitriki oksaidi ni arginini, nayo samaki anaihitaji kutoka kwenye chakula. Mfugaji anayelisha chakula cha bei ya kutupa chenye protini ya jina tu anawanyima askari wake risasi.

---

Nanga

Daktari nakuheshimu, mwanzisha uzi pia, lakini naona tunazunguka mbali. Dawa ya jambo hili inajulikana: chanjo. Norway mwaka 1987 walitumia karibu tani 50 za antibiotiki kwenye ufugaji wa samaki. Baadaye wakaleta chanjo ya sindano yenye mafuta dhidi ya majipu ya samoni, na matumizi yakaanguka kwa zaidi ya asilimia 99 huku uzalishaji ukipanda mara nyingi. Hakuna prolini pale.

Na nina hofu moja. Unachomlisha samaki, bakteria naye anaweza kukila. Edwardsiella tarda, bakteria mwingine wa samaki, anaishi ndani ya hizo seli mlaji mnazozisifia. Ukizinenepesha seli, si unamnenepesha na mpangaji?

---

Kambale Mkongwe

Nanga, nakushukuru, hofu yako ni ya mtu anayefikiri. Sina ugomvi na chanjo. Ningekuwa na chanjo inayolingana na bakteria wangu ningeitumia kesho. Samoni anakaa muda mrefu, anauzwa bei nzuri, anadungwa mara moja na gharama inarudi. Perege wa miezi michache, wamejaa bwawani kwa maelfu, na bakteria wao ana aina kadhaa ambazo chanjo ya moja haikingi nyingine vizuri, hapo hesabu inabadilika. Tena chanjo nayo inahitaji mwili wenye cha kujengea kingamwili. Ukichanja samaki mwenye njaa ya amino asidi, unamtuma fundi kazini bila matofali.

Kuhusu mpangaji, uko sahihi kwamba kila metaboliti lazima ipimwe kwa kila bakteria. Hakuna ya kuwafaa wote. Ila hapohapo kwa Edwardsiella tarda kuna hadithi nzuri, na inaingia njia ya pili ambayo sikuigusa mwanzo. Daktari atanisahihisha.

Mwaka 2011 kundi la mtafiti James Collins kule Boston, Marekani, lilionyesha kwamba bakteria waliolala, wale wanaonusurika dawa kwa kupunguza shughuli zao, wanaweza kuuawa na dawa za jamii ya jentamisini ukiwapa sukari fulani pamoja na dawa. Sukari inawaamsha, wanaanza kusukuma protoni kwenye utando wao, na msukumo huohuo ndio unaoivuta dawa iingie ndani. Mwaka 2015 watu wa Guangzhou wakaenda mbele: walichukua Edwardsiella tarda aliye sugu kwa kanamisini, dawa ya jamii hiyohiyo ya jentamisini, wakakuta umetaboli wake, yaani jinsi anavyovunja na kutumia chakula, umefifia, hasa amino asidi alanini na sukari ya glukosi. Wakamrudishia hivyo vitu pamoja na kanamisini ileile iliyokuwa imeshindwa. Dawa ikaingia, akafa.

Niliisoma sehemu hiyo mara tatu. Usugu wake ulikuwa sehemu yake ni kujinyima. Alifunga mlango wa dawa kwa kufunga mlango wa chakula, na waliufungua kwa chakula.

---

Tabibu wa Matamvua

Umeeleza sawa. Nitie breki kidogo tu: hiyo njia ya pili bado inatumia antibiotiki, na hufanya kazi vizuri kwa bakteria ambao usugu wao unatokana na dawa kutoingia. Aliye na kimeng'enya cha kuiharibu dawa, au aliyebadilisha shabaha yenyewe, ni kesi nyingine. Na dawa za jamii hiyo tunazihitaji kwa binadamu. Kwa hiyo kwangu mimi njia ya kwanza, ya kuimarisha kinga ya samaki mwenyewe, ndiyo ya kufukuzia bwawani. Ya pili ibaki mikononi mwa daktari.

---

Dagaa Mchanga

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwanafunzi. Swali la kijinga: kama antibiotiki bado zinasaidia kidogo, kwa nini tusiziongeze kipimo tu?

---

Kambale Mkongwe

Marahaba mdogo wangu. Swali si la kijinga, mimi mwenyewe nililifanyia kazi kwa vitendo kabla sijauliza, na najuta.

Chukua oksitetrasaiklini niliyoitumia. Inashikana na kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini, na utumbo wa samaki unaifyonza vibaya. Sehemu kubwa inatoka na kinyesi ikiwa bado ni dawa, inatua kwenye tope. Kwenye tope kuna bakteria wengi ajabu, na dawa hafifu ya muda mrefu ndiyo inayowachuja: wasio na usugu wanakufa, wenye usugu wanabaki na kugawiana jeni zake. Jeni hizo hukaa kwenye vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, na bakteria wa aina moja anaweza kumpa wa aina nyingine kabisa. Nilipoongeza kipimo niliongeza kilichotua kwenye tope. Tope nalo halikwenda popote. Msimu uliofuata niliweka vifaranga wapya juu yake.

---

Tabibu wa Matamvua

Na mdogo wetu, lisiishie bwawani. Mwaka 2015 huko Singapore watu waliugua vibaya, wengine mpaka utando wa ubongo, kwa kula samaki wabichi wa maji yasiyo na chumvi. Bakteria alikuwa Streptococcus agalactiae, aina iitwayo ST283. Ni ndugu wa huyu anayewazungusha perege. Na kwa binadamu kwa ujumla, makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema usugu wa bakteria kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019. Takwimu za FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, zinaonyesha mwaka 2022 viumbe wa majini waliofugwa walipita waliovuliwa kwa mara ya kwanza. Tunalisha dunia sasa, kwa hiyo kinachoingia kwenye maji yetu kinawahusu wengi.

---

Nanga

Sawa, mmenisogeza, sijahama. Nielezeni basi kwa vitendo. Mfugaji anayetaka kujaribu afanye nini bila kujidanganya?

---

Kambale Mkongwe

Nanga, hapo ndipo nilipo mimi sasa hivi. Nieleze ninavyojipanga, mnikosoe kabla sijaanza.

Cha kwanza nilichofanya hakihusu metaboliti. Nilikausha bwawa, tope nikalitoa, nikapunguza idadi ya samaki. Aliyebanana na wenzake anaishi kwenye msongo, na kotisoli, homoni ya msongo, inazilaza hizohizo seli mlaji tunazotaka kuziamsha. Kuongeza prolini juu ya msongano ni kutia maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Pili, chakula. Amino asidi za unga zinayeyuka haraka. Nilijaribu kwenye beseni la maji: chembe za chakula nilizonyunyizia unga mkavu ziliachia wingu jeupe kabla sijamaliza kuhesabu hadi 30. Nilizolowesha kwa maji yenye ule unga, zikakauka kivulini, kisha nikazipaka mafuta kidogo ya samaki, zilikaa bila kuachia wingu la kuonekana mpaka zikaanza kulainika zenyewe. Na nitalisha kidogo kidogo, wamalize papo hapo, wala si kutupa ndoo nzima na kuondoka.

Tatu, kipimo. Vipimo vya sindano havihamishiki kwenye chakula, na amino asidi moja ikizidi sana inaweza kuvuruga ufyonzaji wa nyingine. Kwa hiyo kipimo nimekiacha kwa daktari na mtaalamu wa lishe, siandiki namba hapa mtu asije akaiga.

Nne, wakati. Naanza kabla joto halijapanda. Nikisubiri wa kwanza azunguke nimechelewa.

---

Mama Vifaranga

Kaka, utajuaje kama ni prolini iliyosaidia na si kukausha bwawa? Maana umebadilisha mambo yote pamoja.

---

Tabibu wa Matamvua

Mama amegonga penyewe.

---

Kambale Mkongwe

Kweli mama. Nilitaka kugawa bwawa mara mbili kwa wavu, upande mmoja prolini, mwingine chakula cha kawaida, lakini maji ni yaleyale na upande mmoja una kivuli. Daktari amenishauri faragha niweke vizimba vidogo sita ndani ya bwawa hilohilo, samaki wa kundi moja, idadi sawa kwa kila kizimba. Vitatu vyenye prolini na vitatu visivyo nayo, na nafasi zao zipangwe kwa kura ili kivuli kisipendelee upande. Chakula cha vile vitatu vingine nacho kinaloweshwa, kinakaushwa na kupakwa mafuta vilevile, tofauti iwe prolini tu. Anayelisha ni kijana wangu, na mifuko ina rangi tu bila jina, hajui ipi ni ipi. Kila asubuhi nahesabu waliokufa, napima joto la maji, na kila aliyekufa anapasuliwa, bandama inapimwa, sampuli inaenda maabara. Kama hakutakuwa na mlipuko msimu huu, sitakuwa na la kusema kuhusu kinga, nitasema tu walikua vipi.

Vizimba vinne vimeshashonwa, viwili bado. Maji asubuhi hii yalikuwa nyuzi 26.

---

Nanga

Nitakushonea hivyo viwili. Nitumie vipimo vya wavu.

---

Kambale Mkongwe

Nakutumia leo jioni, mkuu. Matundu yawe madogo, samaki wana gramu 20 tu.